Gari Linalomtoa Jasho Mama Mkwe

Ile hita ilikuwa inachagua watu. Jamani, inachagua!

Mwalimu wa udereva akiliendesha gari lake la kufundishia peke yake, baridi kama ndani ya mtungi. Wanafunzi wake wengine wakishika usukani, yule muuza mikate na wale vijana wawili wa chuo, baridi vilevile, labda kajoto kidogo ka kusingiziwa. Lakini apande mama mkwe wake! Robo saa haifiki, matundu yote manne ya dashibodi yanaanza kupuliza moto. Si joto, moto! Ule wa kufungua tanuri ukiwa umeinama.

"Mwanangu," mama mkwe alisema Jumatatu ile, jasho likimchuruzika mpaka kwenye miwani, "gari lako halinipendi."

"Linakupenda sana, mama."

"Linanipenda kama nani? Kama mkate?"

Mwalimu akazungusha kile kiswichi cha hita kuelekea rangi ya buluu, kule kwa baridi. Kikazunguka vizuri, moto ukabaki palepale. Akakizungusha tena kwa nguvu, kikalia *kra*, moto ukabaki palepale. Feni nayo haikuzimika, maana swichi yake ilikufa mwaka juzi, fundi akaiunganisha moja kwa moja. Ukiwasha gari, feni hiyoo.

Sasa utasema, si wafungue vioo? Walijaribu. Tatizo mama mkwe alikuwa mkunga. Miaka thelathini na moja kwenye zahanati ileile, akiwaambia wazazi "vuta pumzi, mwanangu, vuta pumzi", mpaka mji mzima ukamwita Bibi Vuta Pumzi. Nusu ya watu waliokuwa barabarani walipokelewa duniani kwa mikono yake. Kioo kikiwa wazi, ni "Shikamoo bibi!" kulia, "Bibi, mtoto ameota jino!" kushoto, naye anaachia usukani kwa mikono yote miwili kuitikia. Kwa hiyo ikakubaliwa, vioo vifungwe. Wakawa wanapikwa.

Na mtihani wa mama mkwe wa leseni ulikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Mtihani wa tatu! Miwili ya kwanza alishafeli, na yote miwili alitoka ndani ya gari akiwa ameiva kama embe. "Joto lilinipanda kichwani," alisema, na hakuna aliyembishia. Lakini huu wa tatu ulikuwa wa mwisho kwa namna yake. Zahanati ilipata gari dogo la kuwafuata wazazi majumbani, na mkubwa wa zahanati alitangaza mbele ya watu wote: ikifika Ijumaa hakuna mkunga mwenye leseni, gari litabaki ofisini, litumike kumpeleka yeye kwenye vikao. Bibi Vuta Pumzi alikuwa anakwenda kwa wazazi kwa miguu, begi begani, magoti yakilalamika kila ngazi. Gari lile alikuwa ameshalichagulia hata mahali pa kuning'iniza mkoba.

Nyumbani kwa mwalimu nako habari zilikuwa fupi. Mkewe alimwambia akiwa anapiga pasi, bila hata kumtazama, "Baba watoto, mama yangu akifeli tena kwa ajili ya hilo kopo lako, usijisumbue kuuliza chakula kiko wapi."

Jumatano baada ya kazi za asubuhi, mwalimu na mama mkwe wakalipeleka gari gereji. Mara ya nne hiyo.

Gereji yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati kinachotazamana na karakana ya seremala, na mwenyewe aliitwa Fundi Sikio. Kila gari alilipima kwa kubandika ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, macho amefumba, kama anasikiliza umbeya wa jirani ukutani.

"Hita tena?" akasema kabla hawajashuka. "Mwalimu, mimi kwa hili gari nimekuwa mke wa pili."

"Leo mpaka ipone."

"Maji ya rejeta nilishaangalia, yamejaa. Themostati nilibadilisha. Mabomba ya maji ya moto nilishika kwa mkono wangu mwenyewe, angalia hili lengelenge." Akamwonyesha mama mkwe kidole.

"Paka mafuta ya nazi," akasema mama mkwe. "Na hilo gari, linaanza kuumwa lini?"

"Eti?"

"Mgonjwa hatibiwi bila kuulizwa. Linaanza lini? Asubuhi, jioni? Akiwa na nani? Tangu mwezi gani?"

Fundi Sikio akamtazama kwa heshima mpya. Ndipo akaeleza, akichora chini kwa bisibisi. Nyuma ya dashibodi kuna kirejeta kidogo kinachopitisha maji ya moto ya injini. Mbele yake kuna kilango. Kilango kikifungwa, hewa inapita pembeni, inakuja baridi. Kikifunguliwa, hewa inapita kwenye moto, inakuja moto. Kilango kinavutwa na waya, na waya unavutwa na kile kiswichi. Basi, hakuna uchawi.

"Kila mkilileta," akasema, "naingiza mkono huku chini, nautikisatikisa waya, kilango kinajifunga, baridi inarudi. Mnaondoka mnacheka. Kesho mnarudi mmeiva. Kuna kitu kinakifungua kilango njiani, na hicho kitu hapa gereji hakitokei."

"Ni tangu miezi mitatu," mama mkwe akasema. "Tangu nianze kujifunza."

"Na tangu nitengeneze pedeli mpya," mwalimu akaongeza, ili tu naye aonekane amechangia.

Magari ya shule ya udereva yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wa mwalimu, ya kuokolea roho. Ile ya mwalimu ilikatika, akampelekea fundi wa kuchomelea, naye akamtengenezea nyingine kwa chuma cha kitanda. Imara! Ungeweza kuilalia. Hakuna aliyetilia maanani neno hilo, hata mwalimu mwenyewe aliyelisema.

"Dawa ni moja," Fundi Sikio akasema, akijipangusa mikono. "Nautengeneza waya, kilango kinafungwa, halafu tunazunguka wote. Mama anaendesha kama anavyoendesha siku zote. Mimi nakaa mbele, kwenye kiti cha mwalimu, mkono wangu kwenye tundu la hewa na sikio langu kwenye dashibodi. Likianza tu, nalikamata mchana kweupe."

Hapo moyo wa mwalimu ukashuka mpaka kwenye soksi.

Kwa nini? Subiri nikupe siri yake.

Mwalimu huyu wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu neno hilo alilitamka kuliko salamu. "Breki! Breki, kijana! Huo mguu wako ni wa mapambo?" Muuza mikate alifokewa mpaka akajua kusimamisha gari hata usingizini. Lakini mama mkwe hafokewi! Utamfokeaje mama aliyekupa mke? Utamwambiaje "unataka kutuua" mtu ambaye mbele yake unakaa umebana magoti na soda yako unainywa bila kutoa sauti? Siku ya kwanza kabisa, walipoikaribia njia panda na mama mkwe hana habari ya kusimama, mwalimu alifungua mdomo, adabu ikamziba. Badala yake akanyoosha mguu wake polepole, kimyakimya, akaikanyaga ile breki ya upande wake. Gari likasimama kama limewekwa kwenye mto.

"Nimesimama?" mama mkwe akauliza.

"Umesimama, mama. Vizuri sana."

Uongo mmoja huzaa mapacha. Kesho yake akamsaidia tena. Na tena. Alijiambia atazoea mwenyewe. Mwisho mama mkwe akajua, kwa moyo safi kabisa, kwamba ukifika njia panda unatoa mguu kwenye mafuta, unalitazama lori lililoko mbele kwa macho makali, na gari linasimama. Kwenye mitihani miwili mtahini alikanyaga breki mwenyewe kwa hofu, akaandika "amefeli", na lawama zote zikabebwa na hita. Mwalimu akaziacha zibebwe.

Na sasa fundi anataka kukaa kwenye kiti chake!

"Mimi ndiye nikae mbele," mwalimu akasema haraka. "Wewe kaa nyuma usikilize."

"Nyuma nitasikiliza nini, kiti?"

"Mkono wangu mpana zaidi kwa kupima hewa."

"Mwalimu, wewe una nini leo?"

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "mwachie mwenye kazi yake."

Angeweza kusema. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi: mama, wewe hujui kubreki. Akamtazama alivyojipanga vizuri, miwani ameifuta, viatu vya chini alivyonunua kwa ajili ya mtihani tu. Akalimeza neno. Akaingia nyuma, akafunga mkanda mara mbili.

Gari likaondoka. Mama mkwe akabadilisha gia laini, akapita daraja la mfereji, akazunguka duka la vifaa vya shule. Hewa ikawa baridi! Dakika tano, baridi. Dakika kumi, baridi, na barabara kwa bahati ilikuwa nyeupe, hakuna wa kusimamiwa.

"Imepona!" Fundi Sikio akapiga paja, sikio lingali kwenye dashibodi. "Mama, umeiona mikono ya fundi?"

"Kama naendesha jokofu!" Mama mkwe alikuwa anacheka. Alikuwa anaendesha kweli, mabega yamelegea, kama mtu mwenye gari lake. "Mwanangu, mbona kimya huko nyuma?"

"Nipo, mama. Tu... tungekwenda taratibu."

"Nakwenda taratibu."

"Zaidi kidogo, mama."

Wakarudi kwa njia ya chini, ile inayoteremka kuelekea gereji. Teremko lenyewe dogo, ila mwisho wake ni njia panda, na ng'ambo ya njia panda ni karakana ya seremala, na mbele ya karakana kuna lundo la maranda ya mbao refu kama kibanda. Mwalimu aliliona kutoka mbali. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu ya nyuma wenyewe. Ukakanyaga tena.

Mama mkwe akatoa mguu kwenye mafuta. Akaitazama njia panda kwa macho makali.

Gari likaendelea.

Akakaza macho. Gari likaendelea! Seremala alikuwa ameshika randa, akainua kichwa, akaona kibao cha MWANAFUNZI kinamjia, akaitupa randa akaruka juu ya kabati alilokuwa hajalipaka hata rangi.

"Mama!" mwalimu akapiga kelele. "Breki! Breki! Breeeki! Huo mguu ni wa mapambo?!"

*Fuuuu!*

Maranda yakaruka juu, yakatua kwenye kioo, kwenye boneti, kwenye kibao. Halafu ikabaki sauti ya feni tu. Hakuna aliyeumia, hata taa haikupasuka. Maranda ni godoro. Gari lilikuwa limezama mpaka milangoni kama kuku anayeatamia.

Seremala akauliza kutoka juu ya kabati, "Bibi Vuta Pumzi, ni wewe? Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Shuka, utavunja mguu."

Kisha mama mkwe akageuka nyuma, taratibu, na maranda mawili yamekaa kwenye kilemba chake. Hakumtazama mwalimu usoni. Alimtazama mguu. Mguu wa kulia ulikuwa bado unakanyaga sakafu, *pa, pa, pa*, kama unapiga ngoma.

"Mwanangu," akasema, "huo mguu unatafuta nini huko?"

Mwalimu akaushika mguu kwa mikono yote miwili.

Fundi Sikio, mtu wa kusikiliza vyuma, safari hii akasikiliza watu. Akautazama mguu wa mwalimu nyuma. Akaitazama pedeli ya chuma cha kitanda mbele yake. Akaikanyaga.

*Tk.*

Hewa ya moto ikatoka kwenye matundu yote manne, ikamjaa usoni.

"Haa!" Akainama chini na tochi ya simu, makalio juu, akaibonyeza kwa mkono, akaiachia, akaibonyeza. "Haa! Nimekukamata! Mkono wa hii pedeli una msumari wa skrubu umejitokeza, ukikanyaga unaubeba waya wa hita, unakifungua kilango. Ukiachia, waya haurudi mpaka gari lizimwe, injini ipoe. Na kiswichi chenyewe kimepasuka ndani kwa kulazimishwa, kinazunguka bure kama feni ya dukani. Kwa hiyo kila mwalimu akibreki..."

Akajiziba mdomo kwa mkono. Lakini ilikuwa imeshatoka.

"Kila mwalimu akibreki," mama mkwe akamalizia, "mimi naiva."

Akayatoa yale maranda mawili kwenye kilemba, moja moja.

"Na nimekuwa naiva kila siku. Kwa miezi mitatu."

"Mama, nisamehe," mwalimu akasema. "Niliona vibaya kukufokea."

"Kwa hiyo ukaona vizuri kuniua kwa heshima?" Hakupaza sauti. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Mimi nikimwona mzazi anakwenda vibaya, namwambia 'vizuri sana, mama'? Namdanganya mpaka nani azikwe? Ningelipewa lile gari la zahanati kwa bahati, nikateremka nalo kwa watu, lina pedeli yako ya kitanda lile?"

"Halina, mama."

"Halina! Nani angesimama kwa niaba yangu?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Maranda yakamwangukia shingoni, akayaacha yaingie.

Fundi Sikio akakohoa. "Mama, hili ni la dakika mbili. Nakata hiyo skrubu, nafunga waya pembeni, hita inatulia."

"Kata uone!" mama mkwe akasema. "Hiyo hita ndiyo peke yake humu ndani iliyoniambia ukweli. Iache kama ilivyo. Nibadilishie kiswichi tu, ili niweze kurudisha baridi mwenyewe. Wewe mwanangu, pita mbele, kaa kwenye kiti chako. Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu, mama."

"Mpaka saa kumi na mbili tunao muda. Ukiona tunakufa, kanyaga. Ukiona hatufi, fumba mdomo na mguu. Nikisikia joto nitajua sikubreki. Na ukitaka kufoka, foka! Ulipofoka pale ndipo kwa mara ya kwanza nimeelewa unachotaka."

Kiswichi cha gari Fundi Sikio hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni cha jiko la gesi, cheupe, chenye picha ya moto mdogo na moto mkubwa. Akakipachika. Kikakaa kama kimezaliwa pale.

Mchana ule mtaa ulishuhudia mambo. Gari lenye maranda kwenye vifuta vya kioo likizunguka uwanja, na sauti ya mwalimu, "Breki, mama! Mapema zaidi! Mama, hilo si pazia, ni ukuta!" na sauti ya mama mkwe, "Joto! Umekanyaga! Nilikuwa nabreki!" na mwalimu, "Ulikuwa unawaza kubreki, mama, si sawa!" Raundi ya kwanza joto mara saba. Ya pili mara nne. Saa kumi na moja mara moja, na hiyo mama mkwe aliikataa kabisa, akasema ni mguu wa mwalimu uliokuwa na tabia. Mwalimu akakubali. Ilikuwa kweli. Raundi ya mwisho gari lilizunguka mji mzima, baridi, na mwalimu ameukalia mguu wake wa kulia kama kuku wa kuuzwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi. Uwanja wa mtihani una ukuta, geti, na benchi moja la kusubiria lenye miguu mitatu na jiwe. Mtahini ni yuleyule, mwembamba, amevaa koti zito. Akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akaweka faili mapajani. Vioo vikafungwa. Gari likatoka getini, na mwalimu akabaki na mkewe kwenye benchi.

"Ameiva?" mkewe akauliza.

"Ndiyo kwanza wametoka."

Dakika kumi. Ishirini. Mwalimu alikuwa anabreki hewani kila gari likipita nje. Mkewe akamwekea mkoba mzito juu ya goti.

Gari likarudi. Likasimama kwenye mstari, sawasawa, kama limepimwa kwa rula. Mlango wa mtahini ukafunguka, akashuka.

Koti amevua. Shati limelowa mgongoni. Anajifuta paji la uso kwa leso, uso mwekundu kama pilipili.

Mwalimu akahisi benchi linakwenda. Joto! Amekanyaga. Yule mtu amekanyaga, na si mara moja, kwa jasho lile. Basi gari la zahanati limekwenda kwenye vikao, na chakula nyumbani hakijulikani kiko wapi. Akasimama, akamfuata mama mkwe aliyekuwa anashuka polepole, mkavu, miwani safi.

"Mama, pole. Ni mimi. Kosa ni langu, si lako wala si la gari. Nitamwambia hata mtahini."

"Utamwambia nini?"

"Joto, mama! Nimeliona jasho lake!"

"Aah, hilo." Mama mkwe akafungua mkoba, akatafuta, akafunga. "Alikuwa anatetemeka maskini, mafua yamemkamata, kifua kinapiga filimbi. Nikamwambia mtu na kifua hicho hakai kwenye baridi. Nikamwekea moto mkubwa."

"Wewe mwenyewe?"

"Si kuna picha?"

Mtahini akakaribia, anapumua kwa matundu yote mawili ya pua kwa mara ya kwanza wiki nzima. Akampa mama mkwe karatasi yenye muhuri. "Bibi, kule kwenye njia panda ya soko, mguu wangu ulikuwa tayari hewani. Ukaniwahi." Kisha akamgeukia mwalimu, kwa sauti ya siri. "Hita yako ni nzuri kuliko ya kwangu. Fundi wako nani?"

Mke wa mwalimu alipiga kigelegele hadi mlinzi wa geti akafungua geti bila kuombwa.

Kurudi nyumbani mama mkwe ndiye aliyeendesha, ile karatasi yenye muhuri, leseni yake ya muda, imebandikwa kwenye kioo kwa mate. Mke wa mwalimu nyuma, mwalimu mbele kwenye kiti chake, kiswichi kimesharudishwa kwenye baridi. Wakaikaribia njia panda ya kwanza. Mama mkwe akatoa mguu kwenye mafuta, akaushusha kwenye breki, vizuri, mapema.

*Tk.*

Hewa ya moto ikatoka kwenye matundu yote manne.

Mama mkwe hakugeuka hata kidogo. Alisimamisha gari, akarudisha kiswichi cha jiko kwenye baridi, akamsubiri mpita njia avuke.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Hamia nyuma."